Benchi la Chumba cha Kufulia

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Profesa ameniita ofisini kwake. Hatimaye! Mwaka wa tatu huu nakaa kiti cha mbele, natikisa kichwa kila anapofika kwenye hoja, nacheka vichekesho vyake ambavyo sina hakika kama ni vichekesho. Nilijua siku itafika. Mlangoni nikaupanga uso: unyenyekevu, ila wenye kina. Nikaingia. Kwenye kiti kizuri alikuwa ameshaketi Tanbihi.

Tanbihi ni binti wa darasa letu. Jina hilo nilimpa mimi, maana hawezi kusema neno bila kukwambia amelitoa wapi. Ukimuuliza saa atakujibu, kisha ataongeza kwamba ni kwa mujibu wa saa ya ukutani, ambayo huenda imechelewa. Nilidhani jina litamkera. Amelipenda. Analiandika kwenye majalada yake.

Profesa akaeleza. Kuna chuo huko mbali kinachochukua watu wachache kutoka shahada ya kwanza moja kwa moja hadi uzamivu wa historia. Wanataka insha ya utafiti iliyojengwa juu ya vyanzo asilia. Wanataka pia neno la mwalimu, na mwalimu anaulizwa mwanafunzi huyu ni wa ngapi kati ya aliowahi kuwafundisha. Profesa akasema hajawahi kuwaweka watu wawili nafasi ya kwanza na hana mpango wa kuanza uzeeni. Tumpelekee insha Alhamisi ya wiki ijayo. Ataamua.

Kisha akaniuliza mimi kwanza: swali langu ni lipi? Nilikuwa tayari tangu mwaka wa pili. Nikasema: mamlaka, kumbukumbu na ukimya. Akavua miwani, akaifuta, akasema hizo ni nomino tatu.

Tanbihi akasema yeye bado hana swali. Profesa akasema vizuri. Vizuri! Asiye na kitu anasifiwa, mwenye nomino tatu anatazamwa kama aliyekuja kuomba chumvi.

Nafasi ni moja. Nisipoipata, mwakani nitakaa kwenye dirisha la duka la vipuri, namwandikia Baba risiti. Ameshanichagulia kiti.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Nyumbani hakuna mahali pa kufikiri. Baba ni fundi wa mafriji. Uani mafriji, ukumbini mafriji, mengine yanangoja vipuri, mengine yanangoja wenyewe, ambao nadhani walishahama mji. Meza yangu ni friji bovu lililolazwa chali chini ya dirisha la chumba chetu. Vitabu viko ndani. Nikitaka kitabu, sharti niondoe daftari, kikombe na viwiko vyangu, niinue mlango, niiname kama anayetafuta maziwa. Ndoto yangu si kubwa. Nataka chumba chenye meza ya miguu minne.

Mama amemwambia jirani kwamba nasomea udaktari. Jirani akaja, akapandisha gauni, akanionyesha goti. Nikamfafanulia kwamba ni uzamivu, daktari wa historia. Akauliza sasa nitakuwa nawatibu akina nani. Shangazi akadakia kutoka mlangoni kwamba nitawatibu waliokwisha kufa, hao hawalalamiki. Wakacheka mpaka jirani akashika ukuta. Halafu akasema maadamu gauni limeshapanda, nitazame tu. Nikatazama. Limevimba. Nikamwambia apumzike. Nilikuwa nimechoka hata kukataa.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Maisha yake yote ya kazi alifua na kukunja mashuka ya hospitali, na tangu alipostaafu analala kitanda cha pili chumbani kwangu. Anakunja kila kinachokunjika. Asubuhi hulikunja shuka langu nikiwa bado nusu ndani yake.

Jioni alikuwa akikunja mapazia. Nikamtazama kwa chuki ya kawaida. Akasema, bila kunitazama, kwamba mkunjo huu walikuwa nao hata kabla ya mgomo.

Mgomo gani?

Wa chumba cha kufulia, akasema. Kwani hujui?

Kalamu ilinidondoka. Miaka miwili natafuta chanzo asilia. Kinakoroma hatua chache kutoka kichwani mwangu!

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Maktaba. Kuna kitabu kimoja tu cha mbinu za mahojiano ya historia simulizi. Kadi yangu imefungwa kwa sababu ya vitabu ambavyo sijarudisha (viko ndani ya friji, rafu ya mboga). Mkutubi akasema naweza kukisoma humohumo. Lakini je, nikitoka, akija mtu mwingine? Akija, tuseme, Tanbihi?

Nikazunguka na kitabu kama mama mwenye kichanga kwenye mvua. Mwishowe nikakificha ghorofa ya chini, kwenye ufugaji, nyuma ya vitabu vya kuku wa mayai. Hakuna mwanahistoria atakayefika huko. Nitakirudia wiki ijayo nikiwa na nafasi ya kukisoma.

Nimerudi nyumbani nimeridhika. Sijasoma hata ukurasa mmoja, ila hata yeye hatasoma.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Mahojiano!

Nilimwambia Shangazi akae tu alivyo, ni sauti peke yake. Akaoga, akapaka poda, akavaa hereni, akauliza kama simu inamnenepesha mtu. Nikasema hairekodi picha. Akasema hata sauti hunenepa.

Nikauliza mgomo ulianzaje. Akasema kisa kilikuwa benchi. Kulikuwa na benchi la mbao upande wa pasi, watu wakipumzisha miguu kwa zamu. Akaja msimamizi mpya, kijana wa suruali iliyonyooka, akaliondoa. Wanawake wakakaa sakafuni. Mashuka yakalala kwenye mapipa, hospitali ikanuka, wakubwa wakaja kubembeleza. Basi.

Nikangoja. Shangazi naye akangoja. Nikauliza: na zaidi ya benchi? Akasema lilikuwa benchi refu. Nikauliza kama chini ya hilo benchi, kwa maana ya ndani zaidi, hapakuwa na kitu kingine. Akafikiri. Akasema chini ya benchi palikuwa na ndoo.

Nilihisi nafasi ya kwanza inateleza. Nikamuuliza kwa upole wa kitaaluma: je, huwezi kusema kwamba mlikuwa mnaupinga mfumo mzima?

Akagusa hereni moja.

“Naweza kusema,” akasema. “Unataka niseme?”

Nikamwambia aseme ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Akasogea karibu na simu, akasafisha koo, akasema walikuwa wanaupinga mfumo mzima. Akaomba kurudia, maana mara ya kwanza hakuweka uchungu. Mara ya tatu akalia kidogo. Nikalia na mimi. Mama akachungulia akauliza nani amekufa.

Nimechoka kwa furaha. Ni uchovu uleule, ila unatembea wima.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Naandika mahojiano kutoka kwenye simu. Kazi ya punda. Shangazi anakohoa, kuku wa jirani anaimba, Baba anagonga kikandamizi cha friji kwa nyundo katikati ya kila sentensi muhimu. Walikuwa wanaupinga, ngo, mfumo, ngo.

Uamuzi wa leo: benchi nimelitoa. Lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza na linaninyima heshima. Mgomo ni jambo zito. Hauwezi kusimama juu ya benchi. Hakuna kamati ya chuo duniani itakayomsomesha mtu kwa ajili ya benchi. Ndoo pia nimeitoa.

Kilichobaki ni kifupi ila kina hadhi. Nafasi iliyoachwa wazi nimeijaza kwa utangulizi.

Mama ameleta chai, akaiweka juu ya insha. Akasema nina macho ya mtu aliyefiwa, nikalale kidogo. Nikamwambia historia hailali. Akasema hata punda wa historia hulala.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Mkakati: kukutana na Profesa kwa bahati.

Nilisimama kwenye ushoroba wa idara tangu asubuhi, kitabu kinene kwapani, uso wa mtu anayepita. Kupita ukiwa umesimama si rahisi. Mfagizi aliniuliza kama nimefungiwa nje. Alipofagia mara ya pili akaniomba ninyanyue miguu. Profesa akatokea mchana, akasema hujambo. Nikajibu sijambo kwa sauti yenye kina. Alikuwa akimsalimu mtu wa nyuma yangu.

Nikarudi nyumbani mgongo unaniuma. Nikafungua mlango wa chumba. Juu ya kitanda changu ameketi Tanbihi! Juu ya kitanda cha pili ameketi Shangazi, hereni masikioni, mikono hewani, yuko katikati ya msimamizi wa suruali iliyonyooka.

Maelezo aliyotoa Tanbihi, pamoja na vyanzo vyake: mama yake anafuga kuku wa mayai. Alikwenda maktaba kumwazimia kitabu cha chanjo. Nyuma yake akakuta kile cha mbinu za mahojiano, kimepotea njia, maskini. Mkutubi akamwambia mimi ndiye niliyekiulizia mwisho. Akakiazima kwa kadi yake, akaniletea mguu kwa mguu. Hajakifungua, akasema, kwa sababu mimi nakihitaji zaidi.

Nikasema asante. Lilitoka kama mwiba wa samaki. Kitabu nikakitia ndani ya friji, nikafunika mlango, nikaukalia.

Shangazi akasema mwenzangu ana adabu, anasikiliza mpaka mwisho, hamkatizi mtu. Aliniangalia aliposema hamkatizi.

Tanbihi akanivuta pembeni. Kisa ni cha shangazi yangu, kwa hiyo ananiomba ruhusa. Je, nitaudhika akiandika naye? Nikikataa, atatafuta kingine. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema nitaudhika. Neno moja tu. Lakini Shangazi alikuwa anatazama, na Mama amesimama mlangoni na chai. Nikajisikia nikisema kwa sauti ya mhadhara kwamba historia haina mwenyewe.

Shangazi akapiga makofi.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Ninaudhika.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Tumewasilisha. Yangu nimeifunga kwa jalada la ngozi bandia, ina kurasa nyingi, na jina lake ni “Mamlaka, Kumbukumbu na Ukimya: Uelewa wa Kitabaka Miongoni mwa Wafuaji wa Hospitali Moja.” Nomino zimeongezeka.

Ya Tanbihi imebanwa kwa pini. Nilichungulia juu. Jina lake ni “Benchi.”

Benchi! Neno moja! Nililolitupa mimi! Nikacheka kimoyomoyo mpaka nikakwama kwenye ngazi. Nilimhurumia kabisa. Nikamshika bega, nikamwambia ajipe moyo.

Baba ananiuliza nitaanza lini dukani. Nikamwambia huenda nisianze. Akasema kiti ameshakishonea mto.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Siku mbaya. Naiandika nikiwa nimelala chali, kama meza yangu.

Profesa alituita pamoja. Insha zote mbili mbele yake. Akaanza na yangu. Akauliza maneno “mfumo mzima” aliyatamka nani kwanza, mimi au mama huyu. Nikasema yalitoka karibu kwa pamoja. Akaandika kitu.

Akageukia ya Tanbihi. Akasema amelipenda benchi. Anataka kujua nani aliliondoa, lilipelekwa wapi, na mtu anawaza nini anapoamua kwamba wenzake hawahitaji kukaa. Kila neno lilinichoma. Benchi lilikuwa langu! Mimi ndiye niliyelitupa kwanza!

Kisha akaziweka insha mbili pamoja kama anayepanga karata, akatuuliza sisi wote wawili, polepole tu:

“Huyu mama. Alikuwapo?”



Nilimtazama Tanbihi. Tanbihi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutoka na chanzo chochote. Profesa akasema ni swali ambalo huwafundisha watoto wa mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza, na huwa anadhani linatosha. Twende tukaulize. Tumletee kitu cha kweli Jumatatu ijayo, kwa sababu baada ya hapo anajaza fomu.

Nikakimbia nyumbani. Shangazi anakunja matambara ya jikoni. Nikamuuliza, nikihema: siku za mgomo, ulikuwa wapi?

Mimi? akasema. Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa na jino.

Na jino!

Shavu lilivimba kama embe, akasema, hata kuona alikuwa haoni upande mmoja. Habari zote alizipata dirishani, kwa mwenzake wa pasi aliyekuwa akipita jioni kumjulia hali. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akashangaa kwa dhati. Akasema hatukumuuliza. Mimi nilimuuliza ya mfumo, na yule mwenzangu alimsikiliza vizuri mno, hangeweza kumvunja moyo.

Nikamuuliza kama benchi lilikuwapo. Akasema benchi la namna hiyo lazima lilikuwapo mahali.

Nikainua mlango wa friji. Nikakitoa kile kitabu. Sura ya kwanza, sentensi ya kwanza: mhoji ahakikishe kwanza kwamba msimulizi alikuwapo. Nikakirudisha, nikafunika.

Jumatano, tarehe 19 Novemba

Tanbihi amepiga simu. Si kwangu, kwa Shangazi. Wana namba! Shangazi amemweleza kila kitu, jino na yote, wakacheka. Yule wa pasi bado yuko hai, anakaa nyuma ya kiwanda cha mikate. Tanbihi anapendekeza twende pamoja Jumamosi, yeye na mimi, tumsikilize, kisha kila mtu aandike anachokiona. Akasema masikio manne yatasikia zaidi.

Nikamwambia Shangazi amjibu kwamba nakubali. Jumamosi, vizuri sana.

Nitakwenda Ijumaa.

Ijumaa, tarehe 21 Novemba

Miguu yangu. Sina ninachokihisi ila miguu.

Niliamka mapema. Nimejifunza: safari hii hakuna mfumo. Profesa anataka benchi, atapata benchi, nitamletea benchi ambalo Tanbihi hajawahi kuliona. Nikaandaa maswali njiani. Benchi lilikuwa na urefu gani. Mbao gani. Nani aliinua upande upi.

Nilipotea. Nyuma ya kiwanda cha mikate kuna vichochoro vinavyofanana, vyote vina harufu ya kukupa njaa. Nilimuuliza kila mtu, nikaelekezwa kwa dobi, kwa fundi pasi, kwa mtu anayeuza pasi. Nilifika jua likiwa utosini.

Bibi wa pasi ni mwembamba, mnyoofu kama kola. Alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nikamwamkia. Akaitikia, akanikaribisha, akauliza mimi ni wa nani. Nilipomtaja Shangazi akacheka, akauliza kama lile jino lilitoka. Akasema nikae. Nikakaa. Nikawasha simu. Nikauliza mgomo ulianzaje.

Akasema: tulichoka.

Nikangoja. Hakuongeza. Nikauliza walichoshwa na nini, na hali, na wakubwa? Akasema walichoka, mwanangu. Miguu. Akaitazama ile iliyokuwa kwenye beseni.

Nikasema naelewa, na hapo ndipo benchi likaondolewa. Akauliza benchi gani. Nikasema lile la upande wa pasi. Akasema upande wa pasi ulikuwa wake miaka yote na kabla ya mgomo hapakuwa na benchi, wangelipata wapi. Nikamwambia huenda amesahau, ni zamani. Nikamweleza lilivyokuwa: la mbao, refu, na ndoo chini yake. Nikamweleza na msimamizi. Nilieleza vizuri, sijawahi kueleza vizuri namna ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Halafu akauliza: “Binti, kama unajua, umekuja kufanya nini?”

Nikafikiri ni swali la kweli, nikaanza kulijibu. Akatoa miguu kwenye maji, akaikausha mmoja mmoja, akanifungulia mlango. Alinipa mkate wa njiani. Sikuutaka. Niliumaliza kabla ya kona.

Nimekwenda bure. Uchovu! Nani atamfadhili mtu kwa uchovu?

Jumamosi, tarehe 22 Novemba

Tanbihi alikuja kunichukua kama tulivyokubaliana. Nikamwambia kichwa kinauma. Akasema pole, akaniachia machungwa, akaenda peke yake.

Jioni akarudi. Mimi nilikuwa kitandani, shuka hadi juu ya kichwa. Wakaketi kitanda cha pili, yeye na Shangazi, wakanong'ona kwa heshima ya kichwa changu. Mashuka ya siku hizi ni membamba. Nilisikia yote.

Haukupangwa, akasema Tanbihi, kwa mujibu wa bibi wa pasi, ambaye alikuwapo. Asubuhi moja, mashine zikiwa hazijawashwa, mwanamke mmoja aliketi sakafuni. Wakamuuliza ana nini. Akasema amechoka. Wa pili akamtazama, akaketi karibu naye. Wa tatu akaenda kuwaita wengine waje kuona, akaketi na yeye. Hapakuwa na wimbo wala hotuba. Msimamizi alikuja akawauliza wanataka nini, na hapo ndipo wakagundua kwamba wanaweza kutaka kitu. Wakaanza kufikiri watake nini. Walipokuwa bado wanafikiri, mmoja akasema wangekuwa na benchi ingekuwa afadhali.

 Nikasikia Shangazi akivuta kamasi. Hakukuwa na simu ya kurekodi, wala hakuomba kurudia. Akasema kumbe ndiyo maana. Baada ya jino alirudi kazini akakuta benchi, jipya, linanukia mbao. Akadhani lilikuwapo siku zote, likaondolewa, likarudishwa, sema yeye ndiye hakuwahi kuliona. Hakuwahi kuwa na muda wa kutazama.

Nikabana macho. Nilikuwa nafikiri jambo lingine.

Jumatatu, tarehe 24 Novemba

Imekwisha.

Tanbihi alimpelekea Profesa ukurasa mmoja. Juu yake swali moja: uchovu huanza lini kuwa mgomo? Profesa alilisoma, akalisoma tena, akainuka kwenda dirishani. Sijawahi kumwona akienda dirishani kwa ajili ya kazi yangu.

Mimi nilipeleka hoja kwamba shahidi wa pasi ana kasoro ya kumbukumbu kuhusu benchi. Akaisoma akiwa amesimama.

Tanbihi alipotoka, Profesa aliniambia nibaki. Akasema Tanbihi ameandika kwa hiari yake kwamba shangazi ni wangu na kwamba mimi ndiye niliyeanza. Akasema nafasi ya kwanza ni ya Tanbihi, na mimi ataniandika wa pili, na wa pili wake si mdogo, ila chuo hicho hakijawahi kumchukua. Nirudi mwakani na swali nisilojua jibu lake. Bidii ninayo, akasema, ya kutosha watu watatu. Kisha akavua miwani akanitazama, bila ukali, kama mimi nilivyolitazama goti la jirani.

Akaniuliza: “Hujachoka wewe?”

Nikasema hapana, hata kidogo.

Kwenye ngazi nilikaa. Nilikusudia kufunga kamba ya kiatu. Mfagizi alipofika hakuniomba ninyanyue miguu, alifagia akanizunguka. Tanbihi akanikuta hapo, akaketi karibu nami. Tukakaa. Akapita mwanafunzi mwingine, akatuuliza tuna nini. Sikumjibu, nilikuwa na haraka ya kufikiri.

Jumanne, tarehe 25 Novemba

Nimeelewa kosa langu!

Nililifikiria usiku kucha na asubuhi yote, nikiwa dukani kwa Baba, juu ya mto, maana Baba hakungoja mwakani. Kosa halikuwa benchi, wala mfumo. Kosa lilikuwa kuwatafuta waliokuwapo. Kila mtu anawaandika waliokuwapo! Nani ameandika historia ya asiyekuwapo? Mwanamke yuko nyumbani, ana jino, na mgomo mzima unapita dirishani mwake. Hilo halijawahi kuandikwa. Kwa hilo kamati nzima itainuka kwenda dirishani. Tanbihi hana shangazi mwenye jino. Nina mwaka mzima. Na jina ninalo: “Mamlaka, Kumbukumbu na Kutokuwapo.”

Nikafunga dirisha la duka. Mteja alikuwa bado ananyoosha mkono. Nikarudi nyumbani mbio, miguu inawaka moto. Shangazi alikuwa amelala mchana, nguo nusu zimekunjwa kifuani. Nikamwamsha. Nikamwambia avae hereni.

Nikawasha simu, nikaiweka juu ya friji. Nikamuuliza siku zile zilikuwaje, huko nyumbani kwake. Akapiga mwayo. Akasema ziliuma.

Nikangoja. Kisha nikamuuliza, kwa upole wa kitaaluma: je, huwezi kusema kwamba jino lile lilikuwa aina ya mgomo?

Shangazi aliinua mkono. Akanisogezea nywele kwenye paji la uso, akasema nimekonda.

Naweza kusema, akasema. Unataka niseme?

Nikamwambia aseme polepole, na asogee karibu na simu.